Darasa la Pili na Saa ya Mzee Masele

"Lyamba, mshale mfupi uko kwenye namba gani?"

"Moja, mwalimu."

"Na mrefu?"

"Kumi na mbili."

"Vizuri sana. Kwa hiyo ni saa ngapi?"

"Saa moja!" Lyamba alijibu kwa sauti ya kujiamini, akakaa bila hata kuambiwa akae.

"Hapana," alisema Mwalimu Theopista. "Ni saa saba."

Lyamba aliigeukia ile saa iliyoning'inia ubaoni, akaikodolea macho kama mtu aliyenyang'anywa haki yake mchana kweupe. Saa yenyewe Theopista aliitengeneza kwa mikono yake: uso wa boksi la sabuni, msumari katikati, na mishale miwili iliyokatwa kwenye ndoo ya bluu iliyopasuka. Aliishonea pembeni hata uzi mwekundu ili ipendeze. Kupendeza ilipendeza, ila watoto waliiona saa ile kuwa ni mwongo.

"Mwalimu," alisema Lucia, binti mdogo wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kuliacha jambo lipite, "kama ni saa saba, mbona mshale hauko kwenye saba?"

Theopista aliwaeleza kwa utaratibu. Aliwaambia kwamba waliozipanga zile namba walianza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri, lakini sisi kwetu hesabu inaanza jua linapochomoza na linapozama. Kwa hiyo tunaangalia namba ya upande wa pili. Watoto wakaitikia "Ndiyooo mwalimu," ile ndiyo ndefu ambayo kila mwalimu anaijua kuwa maana yake ni "hatujaelewa, lakini endelea." Akausogeza mshale mfupi kwenye tatu, akauliza tena. Wengine wakasema saa tatu, wengine saa kumi na mbili, na sauti moja ya nyuma kabisa ikasema, "Saa ya kwenda nyumbani."

Shule hiyo iko nje kidogo ya Majimoto, pale njia ya ng'ombe inapokatiza kwenda kwenye majaruba ya mpunga. Theopista alihamia hapo akitokea Mpanda mjini, na kwa muda mfupi aliokaa alikwishagundua kwamba watoto wa pale si wazito hata kidogo. Mtoto wa miaka minane alimtambua ndama wa jirani kwa mlio tu. Tatizo halikuwa akili. Tatizo lilikuwa ule upande wa pili. Kila akifunga macho kulala, alikuwa akiona nyuso zao zimegeuka huku na huku zikiutafuta.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Anselmo, alimwita ofisini Jumanne mchana. Alikuwa mtu mwema, lakini mitihani ilimkosesha raha mwaka mzima.

"Theo, hii saa yako itatuchelewesha," alisema, kisha akacheka kidogo kwa kusikia alichokisema. "Watoto hawa wakikua kila mmoja atakuwa na simu. Simu inaandika yenyewe. Turudi kwenye kujumlisha na kutoa."

"Mwalimu mkuu, simu inaandika kumi na tatu sifuri sifuri. Mtoto asiyejua saa, hiyo nayo atajuaje ni saa saba?"

Anselmo alikuna kidevu. Hoja ilimwingia, ila hakutaka ionekane imemwingia haraka.

"Haya. Ijumaa wazazi wanakuja kwenye kikao. Wanafunzi wako watatu wasome saa mbele yao. Na si hiyo ya boksi, maana hiyo unaisogeza mwenyewe. Saa ya kweli. Wakiweza, endelea mpaka ushibe. Wakishindwa, Jumatatu tunasonga mbele."

Theopista akakubali, kisha akatoka akiwa hajui atawezaje.

Ukombozi ulikuja asubuhi ya kesho yake, na uliletwa na Kija. Kija alikuwa msichana mkimya, mwembamba, mjukuu wa mzee mmoja mfugaji aitwaye Masele. Jioni na siku za mapumziko alikuwa akichunga pamoja na kaka zake, na pengine ndiyo sababu alikuwa na tabia ya kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kusema. Siku hiyo aliitazama saa ya boksi tangu mwanzo wa kipindi, kichwa amekiinamisha upande. Mshale mfupi wa Theopista ulikuwa umekatwa vibaya, kipande kimebaki nyuma ya msumari na kujitokeza upande wa pili.

"Mwalimu," alisema Kija, "huo mshale una mkia."

Wenzake wakacheka.

"Ni kweli," akaendelea, sasa akizungumza na wenzake. "Ni kama ng'ombe. Ng'ombe akielekea mtoni, mkia unaelekea nyumbani. Kichwa kiko kwenye moja, mkia uko kwenye saba. Mwalimu amesema ni saa saba. Kumbe saa tunaisoma mkiani!"

Theopista aliiweka chaki chini. Akaupeleka mshale kwenye kumi. Ule mkia ukaangukia nne.

"Saa ngapi?"

"Saa nneee!"

Akaupeleka kwenye sita.

"Saa kumi na mbiliii!"

Hakuna aliyekosea. Lyamba alikuwa amesimama juu ya dawati na mwalimu wake hata hakumwona. Mchana ule Theopista aliomba nyuzi za katani kwa jirani, akazifunga kwenye kile kipande cha nyuma ya msumari mpaka ukawa mkia wa kweli, unaotikisika upepo ukipita. Kwa mshale mrefu aliwaambia kwamba huyo si ng'ombe, huyo ni mchungaji na fimbo yake, na mchungaji tunatazama anakonyooshea fimbo. Watoto wengine walimsoma mchungaji naye kwa mkia, wakarekebishwa na wenzao kwa makelele makubwa. Kufikia Alhamisi walikuwa wakihesabu dakika tano tano kama watu wanaoimba.

Likabaki jambo moja: saa ya kweli. Shule haikuwa nayo, na Theopista mwenyewe alitumia simu. Mtu mmoja tu katika kitongoji kile alijulikana kwa saa ya mishale, naye ni Mzee Masele, babu yake Kija. Ilikuwa saa kubwa ya rangi ya dhahabu, mkanda wake umelegea hivi kwamba mzee akinyoosha mkono ililia kama bangili. Watu wakimkuta mnadani walimwuliza saa. Yeye aliinua mkono, akaitazama kwa makini, akanyanyua macho juu kidogo kama mtu anayefikiri, kisha akawajibu. Wala hakupishana na simu zao kwa kiasi cha mtu kulalamika.

Theopista alimfuata nyumbani kwake jioni ya Alhamisi, ng'ombe wakiingia zizini na vumbi limetanda.

"Shikamoo, Mzee Masele."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Huyu mtoto wangu amefanya nini?"

"Amefanya mazuri tu, baba. Nimekuja kuomba. Kesho kwenye kikao watoto watasoma saa, na saa ya kweli hatuna. Nilitaka utuazime hiyo yako."

Mzee Masele alikohoa. Akaizungusha saa mkononi mara moja, mara mbili. Theopista alidhani anaionea uchungu, akaongeza haraka kwamba hakuna mtoto atakayeichezea.

"Si hilo," alisema mzee. Alitazama majirani wawili waliokuwa wamekaa naye, ambao tayari walikuwa wakimtingishia vichwa vya heshima. "Basi sawa. Kesho nitakuja nayo."

Ijumaa wazazi walikuja wengi kuliko siku za kawaida, maana habari ya ng'ombe wa saa ilikwishafika majumbani. Chumba hakikuwatosha, kikao kikafanyika nje, mabenchi yakapangwa kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Mzee Masele alifika na koti lake jeusi, akapewa kiti cha mbele. Mazungumzo ya uji wa wanafunzi na paa la choo yalichukua muda mrefu, na mpaka Mwalimu Anselmo aite darasa la pili, kile kivuli kilikuwa kimekwisha na wazazi wamebanana ukutani kukikimbilia.

Theopista aliipokea saa kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza bila hata kuitazama. Ili watoto wasiigane, aliwaambia kila mmoja aje, asome, kisha amnong'oneze jibu sikioni.

Lyamba akaanza. Saa za kweli hazina mkia wa katani, kwa hiyo Theopista alikuwa amewafundisha kulaza njiti ya ufagio juu ya mshale mfupi, ili njiti ionyeshe mkia ulipo. Lyamba alilaza njiti yake, akahesabu dakika midomo ikicheza, akamjia mwalimu.

"Saa nne na dakika kumi," alinong'ona.

Theopista alilitazama jua. Saa sita ilikuwa inakaribia, njaa ya watu wote pale ilikuwa shahidi. "Katazame tena," alisema polepole.

Lyamba akaenda, akatazama, akarudi. "Saa nne na dakika kumi, mwalimu."

Akamwita Lucia. Lucia, mtoto asiyeyumbishwa, alilaza njiti, akarudi mbio. "Saa nne na dakika kumi."

Wameambizana, aliwaza Theopista. Au mimi ndiye nimewapoteza na mikia yangu. Aliona kwa pembe ya jicho Mwalimu Anselmo akiitazama simu yake. Akamwita Kija.

Kija hakutumia njiti. Aliinama juu ya ile saa, akaitazama kwa namna yake ile ya muda mrefu. Akaiweka sikioni. Kisha akamtazama babu yake, akamtazama mwalimu, na alipokuja kunong'ona sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake.

"Mwalimu, inasema saa nne na dakika kumi. Lakini saa nne si tulikunywa uji?"

Hapo ndipo Theopista alipoinua ile saa na kuitazama yeye mwenyewe. Mshale mfupi umepita kumi kidogo. Mrefu uko kwenye mbili. Akaitikisa. Akasikiliza. Ilikuwa kimya kama jiwe.

Alipoinua uso, macho yake yalikutana na ya Mzee Masele. Mzee alikuwa amekaa wima, mikono miwili juu ya fimbo, kidevu juu, lakini macho hayakuwa na kiburi chochote. Yalikuwa yanamwomba.

"Vipi, mwalimu?" aliuliza Anselmo. "Wamepata?"

"Wamepata," alisema Theopista. "Wote watatu."

"Basi waseme kwa sauti, wazazi wasikie."

Kabla hajatafuta njia ya kuzuia, watoto watatu waliokuwa wamesubiri kwa hamu wakapaza sauti pamoja: "Saa nne na dakika kumi!"

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Mzazi mmoja alitoa simu, mwingine naye akatoa. Mwalimu Anselmo akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mwalimu Theo, sasa hivi ni saa sita kasoro dakika chache."

Lyamba akaanza kuuma midomo, dalili ya kilio. Theopista aliwatazama watoto wake waliosema kweli na sasa wanaonekana wajinga, akamtazama na yule mzee ambaye heshima yake yote ilikuwa juu ya meza. Akashika uongo wa kwanza uliomjia.

"Ni mtihani huo," alisema kwa sauti ya kuchangamka. "Mimi na Mzee Masele tuliisimamisha saa makusudi. Tulitaka kuona kama watoto watasoma saa, au watatazama tu jua na kubahatisha."

Watu wakaanza kuitikia kwa kuvutiwa. Jambo lingeishia hapo. Lakini Mzee Masele aligonga fimbo chini, akainuka.

"Ngoja, mwalimu. Wabeja sana, asante kwa kunifunika. Lakini watoto wamesema kweli mbele za watu, na mimi mtu mzima nikae kimya?" Akawageukia wenzake. "Hakuna mtihani wowote. Hiyo saa ilikufa zamani. Na hata ilipokuwa hai, mimi sikuwahi kujua inasema nini. Mwanangu aliniletea kutoka Mwanza, nikaivaa, watu wakaanza kuniuliza saa. Ningefanyaje? Nikawa natazama saa, halafu natazama jua, nawajibu."

Kisha mzee akamwinamia Lyamba, akamwuliza kwa udadisi mtupu:

"Kwa hiyo miaka yote hii, mkononi mwangu ilikuwa saa nne na dakika kumi?"

"Ndiyo, babu," alijibu Lyamba, machozi yamesahaulika. "Saa ya chai."

"Ndiyo maana!" Sauti hiyo ilikuwa ya Sikujua, mama yake Lyamba, mwenye genge la chai na maandazi njia panda. "Ndiyo maana babu akipita kwangu, iwe asubuhi, iwe jioni, chai haikatai!"

Wazazi waliangua kicheko kilichowatoa kuku uvunguni mwa mabenchi. Mzee Masele alicheka kuliko wote, ameshika fimbo kwa mikono miwili asianguke, na kila akitaka kunyamaza alikuwa akiutazama mkono wake mtupu na kuanza upya. Theopista naye alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Mwalimu Anselmo hakukubali kuachwa nyuma. Aliichukua ile saa, akavuta kitufe cha pembeni, akaizungusha mishale. Sasa saa iliyokufa ikawa ndiyo bora zaidi, maana popote alipoiweka ilitulia pale pale. Aliiweka saa mbili na nusu, Lucia akaisoma. Akaiweka saa kumi na robo, Lyamba akaisoma. Alipoiweka saa tano kasorobo, Lucia alisema saa nne kasorobo, Kija akamnong'oneza kitu, Lucia akanuna, akajirekebisha. Kisha wazazi nao wakataka kujaribu. Baba mmoja kijana, mwenye simu kubwa mfukoni, alishindwa mara mbili na akarudishwa kwenye benchi na mkewe.

"Kasoro bado inawasumbua," Anselmo alimwambia Theopista mwishoni, akijitahidi kutengeneza uso wa ukali. "Jumatatu endelea nayo. Usiiache mpaka wote waijue."

Mzee Masele alibaki watu walipotawanyika. Aliingia darasani, akavuta kiti karibu na saa ya boksi, akaushika ule mkia wa katani kwa vidole viwili.

"Haya, Kija. Nifundishe na mimi."

"Unatazama mkia, babu. Kichwa achana nacho."

Mzee aliusogeza mshale mwenyewe. Kichwa kikaenda nane, mkia ukatua mbili. "Saa mbili?"

"Saa mbili."

"Basi mbona ni kitu cha kawaida kabisa!" alisema mzee. "Mimi ng'ombe nawasoma kwa mkia tangu sijaota ndevu. Mngeniambia mapema!"

Jumamosi alimchukua Kija wakapanda pikipiki hadi Majimoto sokoni, kwa fundi mmoja kijana aitwaye Feisal, anayetengeneza simu na redio na chochote chenye betri. Feisal aliifungua saa, akabadilisha betri, akaipuliza vumbi, ikaanza kutembea. Alipotaka kuirekebisha, mzee alimzuia. Mjukuu wake ndiye aliyeiweka sawa, akiwa amekunja uso, huku wateja wengine wakisubiri bila kulalamika.

Baada ya hapo Majimoto haikupumzika. Darasa la pili walikuwa wamepata kitu cha kusoma bure, kimetundikwa kila ukuta, nao wakakisoma chote. Walisoma saa ya zahanati, wakasoma ya mashine ya kukoboa mpunga, wakachungulia hata mikono ya wageni wanaoshuka kwenye basi la Mpanda. Wiki haijaisha, mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, Mzee Mikidadi, alimsimamisha Theopista barabarani.

"Mwalimu, wanafunzi wako wamenivamia."

"Wamefanya nini tena, baba?"

"Kila asubuhi wanasimama mlangoni, wananiamkia vizuri, halafu wananiambia saa yangu inadanganya. Ninyi mmewafundisha nini? Hiyo saa mimi naiweka mbele kwa makusudi, niwahi swala! Nimewaeleza. Yule mdogo wa mbele akaniambia, 'Shikamoo babu, lakini si kweli hiyo.'"

Theopista aliomba radhi kwa niaba ya Lucia, akijibana asicheke. Mikidadi mwenyewe alishindwa kujibana. Alisema mwisho wake amewaahidi kwamba wakija na jibu sahihi siku tano mfululizo, atawapa vipande vya vitambaa wapambie darasa. Kwa hiyo sasa wanakuja wengi zaidi.

Waliagana, Theopista akashika njia na kikapu chake cha nyanya. Mbele ya genge la Sikujua, kijana wa bodaboda alikuwa akifunga mzigo wa magunia, amechelewa mahali. Aliuliza hewani tu, bila kumlenga mtu:

"Jamani, saa ngapi?"

Watoto sita waliokuwa wakicheza mchangani waliinuka kwa pamoja. Wawili walikimbilia saa ya ukutani ya genge. Mmoja akasema saa kumi na robo, mwingine akasema siyo, mshale mrefu umevuka tatu kidogo, kwa hiyo ni robo na dakika moja, na wa tatu akawaambia wote wawili hawajui kitu, walete njiti. Kijana wa bodaboda aliwatazama, akamtazama Theopista, akafunua mikono.

"Mimi nilitaka kujua tu, mwalimu."

"Subiri," alimwambia Theopista huku akipita. "Watakwambia."

Nyuma yake aliwasikia wakibishana, sauti zikipanda, mtu akihesabu tano, kumi, kumi na tano, na pikipiki bado haijawashwa.